Kwa Nini Mnakata Kitu Tulichokilipia?

Wadau, nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa. Si mnajua tena kazi za chumba cha habari: leo uko bandarini, kesho uko mahakamani, keshokutwa mhariri anataka habari ya bei ya sukari kabla hujamaliza chai. Leo nimepata jioni moja yenye umeme na utulivu, nikasema niwaletee mada ambayo sikuwahi kufikiri nitaiandika maishani mwangu. Kukata DNA.

Siyo kwa kisu, la. Kukata herufi zake kwenye kompyuta.

Najua wengine mmeshakunja uso. Hata mimi nilikunja. Chuo kikuu nilisomea habari, na baiolojia tuliagana kidato cha nne bila hata kupeana mkono. Lakini vumilieni kidogo, maana humu ndani kuna ng'ombe aliyeuzwa, kuna tumbili aliyewasumbua wataalamu, na kuna swali moja la baba yangu mkubwa ambalo bado linanikera mpaka leo.

Tuanze na ng'ombe.

Nina dada yangu anayemalizia shahada ya uzamili. Ni mtoto wa Baba Mkubwa, na kwetu hilo halina jina la binamu, ni dada basi. Anachunguza bakteria wanaoishi kwenye udongo chini ya migomba. Na kwa kuwa migomba haiadimiki Rungwe, hakwenda mbali. Alichukua udongo kwenye shamba la baba yake na mashamba ya majirani, nje kidogo ya mji wa Tukuyu. Udongo ukatiwa kwenye vichupa, vichupa vikatiwa kwenye barafu, barafu ikapanda basi. Maabara wakatoa DNA, ikapelekwa nje ya nchi kusomwa, na baada ya miezi kadhaa majibu yakarudi kwa intaneti yakiwa mafaili makubwa kiasi kwamba kuyashusha tu kulimaliza bando mbili.

Ufadhili ulilipa sehemu. Sehemu iliyobaki alilipa Baba Mkubwa kwa kuuza ng'ombe. Wanaowafahamu Wanyakyusa watanielewa hapa. Kwetu ng'ombe ni mahari, ni msiba, ni heshima ya mzee mbele ya wazee wenzake. Hauzwi hovyo. Mzee alimtoa kwa sababu binti alimwambia kuwa bila hizo herufi hakuna shahada.

Sasa mafaili yamerudi, na nusu ya kazi ikaonekana mbovu.

Nieleze hapa kidogo, kwa wale ambao kama mimi hawakuwa wanajua. DNA ni maandishi marefu ya herufi nne tu: A, C, G na T. Mashine zinazotumika sana leo, kama zile za Illumina, haziwezi kusoma maandishi hayo kwa mkupuo mmoja. Zinasoma vipande vifupi. Kila kipande kinanata kwenye kioo na kunakiliwa mara nyingi mpaka yanakuwa makundi madogo ya nakala zinazofanana. Halafu kila herufi inayosomwa inatoa mwanga, kamera inapiga picha, inakuja herufi inayofuata, picha nyingine, hivyo hivyo mara 150, 250 au 300.

Ujanja wenyewe ni kwamba mashine ikimaliza kusoma kutoka ncha moja, inakigeuza kipande na kuanza kusoma kutoka ncha ya pili. Kipande kimoja, masomo mawili, yanakuja kila moja kutoka upande wake kuelekea katikati. Kwa hiyo unapewa mafaili mawili. La kwanza lina masomo ya ncha ya kwanza, la pili lina masomo ya ncha ya pili.

Tatizo ni uchovu. Mnakumbuka mchakamchaka wa shule ya msingi? Mnaanza wote mguu mmoja, wimbo mmoja, ardhi inatikisika. Mkifika raundi ya kumi, kuna aliyebaki nyuma hatua moja, kuna aliyeruka mbele, wimbo umekuwa kelele. Zile nakala kwenye kioo ndivyo zinavyokuwa. Zinaanza pamoja, kisha chache zinachelewa herufi moja, nyingine zinawahi, na kamera inaanza kuona mwanga uliochanganyika. Kwa hiyo kila somo linaanza vizuri na kuharibika kuelekea mwisho. Na somo la pili kwa kawaida linaharibika mapema kuliko la kwanza, maana wakati huo kundi lilelile limeshapita kwenye kemikali nyingi na saa nyingi.

Uzuri ni kwamba mashine inasema wazi mahali inapotia shaka. Kila herufi inakuja na alama yake, inaitwa alama ya Phred, kutokana na programu ambayo Brent Ewing, Phil Green na wenzao walichapisha habari zake mwaka 1998. Alama 30 maana yake ni uwezekano wa kosa moja katika herufi 1,000. Alama 20, kosa moja katika 100. Alama 10, kosa moja katika 10. Jamani, natamani vyanzo vyangu vya habari vingekuwa vinanipa alama hizo! Mheshimiwa anakwambia jambo, na pembeni anaandika: hili 30, hili 12.

Faili la kwanza la dada yangu lilikuwa zuri mpaka herufi ya 280 hivi katika 300. Faili la pili lilikuwa zuri mpaka herufi ya 220, baada ya hapo alama zikaporomoka mpaka kwenye 10. Piga hesabu. Herufi 220 zenye alama 30 zinakupa makosa 0.22 ya kutarajiwa, yaani karibu hakuna. Herufi 80 za mkiani zenye alama 10 zinakupa makosa 8. Mkia huo mfupi unachafua somo zima.

Akashauriwa akate. Ushauri ni sahihi, kila mtu anakata. Lakini aliyemshauri akaongeza: kata yote mawili kwenye herufi ya 200, ili yalingane, yapendeze. Dada akakata. Akaiambia programu iunganishe masomo ya pande mbili kuwa kipande kimoja. Programu ikafanya kazi usiku kucha, asubuhi ikamrudishia karibu na bure. Masomo yalikuwa safi kabisa, na hayakuungana.

Ndiyo nikapigiwa simu. Nilikuwa Mbeya kikazi, na kutoka Mbeya mpaka Tukuyu ni kama kilometa 70 tu, nikapanda gari nikateremka. Mvua ilikuwa inanyesha, bila shaka. Tukuyu mvua haiulizi ni mwezi gani. Nikamkuta dada sebuleni na kompyuta mapajani, macho mekundu, na Baba Mkubwa amekaa kwenye kiti chake karibu na mlango kama hakimu. Nikasalimia kwa adabu zote, nikapewa chai, mzee akanigeukia.

"Wewe mwanangu unaandika magazeti, unajua mambo. Hebu niambie. Hizi herufi tumezilipia. Ng'ombe ameondoka. Sasa mbona mwenzako anazikata? Kwa nini mnakata kitu tulichokilipia?"

Sikuwa na jibu. Nikamwomba dada anieleze mimi kwanza, kwa Kiswahili, taratibu, kana kwamba mimi ndiye mhariri. Wale ambao mmewahi kukwama kwenye jambo mnajua dawa hii: mweleze mtu asiyejua. Akachukua karatasi ya nyuma ya kalenda, akachora mstari. Kipande anachokisoma, alisema, kina urefu wa herufi 460 hivi. Ni sehemu maalumu ya jeni moja ambayo bakteria wote wanayo, na tofauti zake ndizo zinazomwambia huyu ni bakteria gani. Upande huu tunasoma herufi 300 kuja katikati, upande ule 300 kuja katikati. Jumla 600. Toa 460, zinabaki 140. Hizo 140 zimesomwa mara mbili, mara moja kutoka kila upande. Hapo ndipo masomo mawili yanapopishana, na hapo ndipo programu inapoyashonea.

"Sasa ukikata 200 na 200?" nikauliza.

Akanyamaza. 200 na 200 ni 400. Kipande ni 460. Kumebaki pengo la herufi 60 katikati ambalo hakuna aliyelisoma. Ni kama mafundi wawili wanajenga daraja kila mmoja kutoka ng'ambo yake, halafu mtu anawaambia wote waishie hatua 200 ili wasioneane wivu. Daraja liko wapi?

Nikasema basi kata 240 na 240, zinalingana na zinafika. Hapo dada ndipo aliponipa somo. 240 na 240 ni 480, zinapishana kwa herufi 20. Lakini herufi hizo 20, kwa upande wa somo la pili, ni zipi? Ni ya 221 mpaka ya 240. Yaani zilezile zilizooza! Unaleta uchafu mahali penyewe pa kushonea. Kwa alama ya 10, katika herufi 20 utegemee makosa mawili, na programu anayotumia yeye, DADA2, kwa kawaida yake haivumilii hata tofauti moja mahali pa kuungana.

Jibu lilikuwa kukata kila upande kwa urefu wake. La kwanza liachwe mpaka 280, la pili liishie 220. Jumla 500. Toa 460, zinapishana kwa herufi 40, na zote 40 ni safi pande zote mbili. DADA2 inataka angalau 12. Zinabaki 28 za akiba, kwa sababu kipande hicho hakilingani urefu kwa bakteria wote, wengine ni wafupi kidogo, wengine warefu kidogo.

Kuna sharti moja tu ambalo halina mjadala, nalo ni mpangilio. Mafaili hayo mawili yanasomwa sambamba: somo la kwanza la faili hili ni mwenza wa somo la kwanza la faili lile, la pili kwa la pili, mpaka mamilioni huko. Urefu unaweza kutofautiana, hakuna neno. Lakini ukitupa somo moja upande mmoja kwa ubovu wake, lazima mwenzake naye atoke, au awekwe pembeni kwenye faili la wajane. Vinginevyo ni kama kufungisha ndoa za pamoja kwa orodha mbili, ya mabwana na ya mabibi, halafu ukaruka bwana mmoja. Kuanzia hapo kwenda chini, kila mtu ameoa mke wa mwenzake!

Na wadau msichukue 280 na 220 kama namba za msahafu. Ni za kipande hicho, mashine hiyo, siku hiyo. Wanaosoma DNA nzima ya mnyama au mmea hawakati wote kwa rula. Wanatumia programu kama Trimmomatic, cutadapt au fastp, kila somo linakatwa pale lenyewe linapoharibika, moja likabaki na herufi 148, jirani yake 97. Kama DNA imechakaa na kukatikakatika, kama ile inayotolewa kwenye kinyesi cha mnyama, kipande kinaweza kuwa na herufi 90 wakati mashine imeambiwa isome 150. Zile 60 za ziada mashine inasoma ile gundi ya kimaabara iliyobandikwa kwenye ncha, wenyewe wanaiita adapta. Usipoikata, utatangaza umegundua kiumbe kipya kumbe umegundua gundi.

Nimetaja kinyesi cha mnyama kwa makusudi. Kule Rungwe tunaye mnyama ambaye habari zake zote ni za kusomwa kutoka pande mbili.

Mnamfahamu kipunji? Ni tumbili wa kahawia, mwenye nywele zilizosimama utosini kama kijana aliyetoka saluni, anayeishi kwenye misitu ya baridi ya Mlima Rungwe na ya upande wa Livingstone na Kitulo. Wazee wa Kinyakyusa walikuwa wanamtaja siku zote. Januari 2003 watafiti wa Wildlife Conservation Society, akina Tim Davenport, Noah Mpunga na Sophy Machaga, walikuwa wanahoji watu kwenye vijiji vinavyozunguka mlima, wakasikia habari za tumbili huyo mwenye aibu. Wanyakyusa wana hadithi nyingi za wanyama, wengine wapo na wengine ni wa simulizi tu, kwa hiyo haikuwa rahisi kujua huyu ni wa kundi gani. Desemba 2003 wakamwona vizuri.

Julai 2004, zaidi ya kilometa 300 kutoka hapo, katika msitu wa Ndundulu kwenye Milima ya Udzungwa, timu nyingine kabisa ikiwa na Trevor Jones ikamwona tumbili wasiyemjua. Hawa hawakujua ya wale. Baadaye ndipo walipogundua kuwa wanamzungumzia mnyama mmoja, na Mei 2005 wakatangaza pamoja kwenye jarida la Science. Hawakuwa hata na mzoga, walikuwa na picha. Kisha kipunji mmoja akafa kwenye mtego wa mkulima huko Rungwe, na kutokana naye wakapata DNA. Mwaka 2006 kipunji akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Ilikuwa jenasi mpya ya kwanza ya tumbili wa Afrika katika miaka 83, na imebeba jina la mlima wetu!

Lakini DNA ile ilileta utata. Mwaka 2009 watafiti walionyesha kwamba DNA ya mitokondria ya kipunji wa Rungwe, ile inayorithiwa kwa mama peke yake, inakaa katikati ya nyani njano wa ukanda huo. Je, huyu ni tumbili au ni nyani aliyejificha? Wakapendekeza kwamba zamani sana nyani majike walizaa na mababu wa kipunji. Ungekuwa na Rungwe peke yake, ungeishia hapo, ungedhani kila kipunji duniani ndivyo alivyo. Mwaka 2010 wakachapisha majibu ya upande wa pili, wale wa Ndundulu, na kwa hao alama hiyo ya nyani wa jirani haikuonekana. Historia ya kipunji ikasomeka tofauti kwa sababu ya sampuli ya pili. Sensa ya vipunji iliyochapishwa mwaka 2008 ilihesabu 1,117 jumla, na kati yao wa Ndundulu walikuwa 75 tu. Upande mfupi, wadau, lakini bila huo habari ni ya uongo.

Haya, sasa nirudi kwenye ugali wangu, gazeti.

Kwenye kazi yetu kuna neno takatifu, mizania. Habari iwe na pande mbili. Sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni jinsi mizania inavyopimwa kwa rula. Mwaka jana niliandika makala ya wakulima wanaopakana na msitu na wanyama wanaokula mahindi yao. Sitaji kijiji wala gazeti. Mkulima mmoja, mzee wa makamo, alizungumza nami dakika 25. Ofisa upande wa pili alinipa maelezo ya ukurasa mmoja. Mezani makala ikakatwa: aya nne za mkulima, aya nne za ofisa. Zililingana, zilipendeza.

Mnajua kilichokatwa? Mkulima alianza kwa hasira, na aya zake nne zikawa za hasira. Mwishoni, alipotulia, alisema kuwa zamani wanyama hawakuwa wanafika shambani, wameanza tangu ule ukanda wa miti katikati ulipolimwa, na kwamba yeye angekuwa tayari kuuacha ukue tena kama majirani wote wangeuacha. Na ofisa, chini kabisa kwenye ukurasa wake, alikuwa ameandika jambo hilohilo kwa lugha ya ofisi: ukanda wa miti umelimwa, unatakiwa kurudishwa. Hapo ndipo walipokuwa wanakutana! Mahali pekee ambapo maneno ya huyu yalipishana na ya yule, pakakatwa pande zote mbili. Msomaji akabaki na watu wawili wanaogombana kutoka ng'ambo mbili, na pengo katikati.

Mzee yule alinipigia simu. Hakufoka. Aliniuliza tu, "Mwanangu, mbona yale ya mwisho hayapo?"

Nimelifikiria swali lake sambamba na lile la Baba Mkubwa. Mmoja anauliza kwa nini mnakata, mwingine anauliza kwa nini mmekata pale. Kukata lazima. Gazeti lina kurasa zake, na si kila linalosemwa lina alama 30. Yule mkulima alikuwa shahidi safi kwa aliyoyaona shambani mwake. Alipoanza kunieleza mishahara ya maofisa, ambayo alisikia kilabuni, alama yake ilishuka mpaka 10. Ofisa alikuwa safi kwenye ramani na sheria. Alipoanza kunieleza wanakijiji wanawaza nini mioyoni mwao, naye alichoka. Kila mmoja akatwe pale anapoacha kusema anachokijua. Kama mmoja atabaki na aya sita na mwenzake mbili, sawa, ili mradi zile mbili ziwe zimefika mahali zinapokutana na za mwenzake.

Lakini nisiwadanganye kwamba kukata kunaponya kila kitu. Nilimuuliza dada, je, somo la pili lingeharibika tangu herufi ya 100? Akasema basi: 300 na 100 ni 400, hata la kwanza ulibakize lote, hayafiki. Hapo hakuna urefu wa kukuokoa. Unarudia kusoma, kama una ng'ombe mwingine, au unatumia upande mmoja peke yake na kuandika wazi kwamba umetumia upande mmoja. Na wengine hufanya hivyo kwa heshima zote. Lililo haramu ni kujaza pengo kwa kubuni. Nadhani hata sisi wa magazeti tunalijua hilo, ingawa tunalisahau kila Ijumaa jioni.

Usiku ule dada alikata 280 na 220, akaiacha kompyuta ifanye kazi, umeme ukatuhurumia. Asubuhi masomo mengi yalikuwa yameungana. Hakuruka wala kupiga vigelegele. Alikaa akaitazama ile namba muda mrefu, halafu akaenda kumsaidia mama yake kumenya ndizi. Udongo wenyewe unasema nini bado hajajua, ana miezi ya kazi mbele yake. Lakini ng'ombe hakwenda bure.

Baba Mkubwa tulimweleza nje, chini ya migomba, mvua ikiwa imepumzika. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akanyoosha panga kwenye mkungu uliokuwa unakomaa, akatuonyesha mahali alipokata lile ua la chini, ili nguvu ziende kwenye vichana. "Huu nilikatia hapa," akasema. "Ule pale nilikatia juu zaidi. Hakuna anayepima kwa kamba." Dada akanitazama. Tumesota siku nzima na hesabu!

Kisha mzee akauliza swali la mwisho. "Na zile mlizokata, mmezitupa wapi?"

Dada akamjibu kuwa hazijatupwa. Programu haigusi faili la mwanzo, inaandika faili jipya lililokatwa, na lile la zamani linabaki lilivyo, herufi zote 300 kila upande, na zilizooza zikiwemo. Amelihifadhi mahali pawili. Mtu yeyote akija kesho na kusema umekata vibaya, anapewa lote, akate mwenyewe.

Mzee akatikisa kichwa, akaridhika. "Ndaga," akasema, akaingia ndani.

Mimi kwenye simu yangu bado nina sauti ya yule mkulima, dakika 25, sijakata kitu. Wiki ijayo narudi kule kijijini, na safari hii nimemwomba mhariri nafasi ya ukurasa mzima. Bado hajanijibu.